Ratiba ya jikoni: jinsi nilivyorudi kupika usiku wa kazi hapa Sib

 

Mhariri aliniomba niandike kitu kuhusu fani yangu ya uhandisi. Nikamjibu kwamba nitaandika kuhusu sufuria la maharage. Akacheka, akadhani ni utani. Basi leo nayaandika hayo maharage, na mtaona kwamba uhandisi umo ndani yake.

Wengi wetu tuliosoma shule za bweni tunaikumbuka ile karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa bwalo. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, usiku ugali na maharage. Jumamosi wali, na hapo shule nzima inachangamka kama sikukuu. Nilipomaliza kidato cha sita kule Tanga niliapa kwamba katika maisha yangu sitakula tena kwa ratiba. Sasa nina miaka 30, nafanya kazi mchana na shahada ya uzamili jioni, na kwenye mlango wa friji yangu kuna karatasi yenye mistari mitano: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ndiyo ratiba. Nimeibandika mwenyewe, na sikulazimishwa na mwalimu wa zamu.

Nataka kueleza nilifikaje hapo, na jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi, maana najua tupo wengi tunaokula chakula cha jioni tumesimama, au ndani ya gari, au kitandani mbele ya kompyuta.

Sib na visingizio vyangu

Kwa msiofahamu, Sib ni wilaya ya mkoa wa Muscat, upande wa magharibi wa mji, kando ya bahari. Uwanja wa ndege uko huku, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986, kiko Al Khoud, humu humu Sib. Wiki ya kazi inaanza Jumapili na kuisha Alhamisi. Zamani mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, yakabadilishwa mwaka 2013 kuwa Ijumaa na Jumamosi. Mgeni huchanganyikiwa miezi ya mwanzo: nyumbani wako kanisani au wamelala, wewe uko kazini.

Jambo jingine la kujua ni kwamba Kiswahili hapa si kigeni. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka Unguja, Pemba na sehemu nyingine za Afrika Mashariki zikaja kuishi huku. Kwa hiyo unaweza kuwa kwenye foleni ya mkate ukasikia mtu nyuma yako anagombana na mwanawe kwa Kiswahili safi cha Pemba. Mandazi unapata. Ile haris ya Waomani ukiionja ni boko boko lile lile la kwetu. Yaani mtu akikaa Sib akasema hapiki kwa sababu "vitu vya kwetu havipatikani," huyo anajidanganya. Na mimi nilijidanganya karibu miaka miwili.

Kisingizio changu kikubwa kilikuwa muda. Naingia kazini saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Jumanne nina darasa mpaka saa tatu usiku, siku nyingine nina tasnifu. Nikifika nyumbani naweka begi chini, nafungua friji, naona nusu ya kitunguu, chupa ya maji na ndimu iliyokauka. Nafunga friji. Nachukua simu naagiza. Au nashuka chini kununua shawarma na chai ya karaki. Kusema kweli shawarma haina kosa lolote. Kosa ni kuila usiku wa nne mfululizo huku unajiambia kwamba kesho utapika.

Siku niliyopiga hesabu

Sasa nifike pale panaponiuma. Nina mdogo wangu wa kike anayesomea uuguzi nyumbani. Tulikubaliana kwamba mimi nitalipa nusu ya ada yake na baba mdogo atalipa nusu. Muhula mmoja nilichelewesha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hali huku ni ngumu, nivumilie kidogo." Akavumilia. Ilipofika wiki ya mitihani akaambiwa hawezi kuingia kwenye chumba cha mtihani mpaka ada iishe. Alinipigia usiku, hakulia, alisema tu, "Kaka, basi, baba mdogo amekopa." Ndivyo alivyofanya mtihani.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikaa nikafungua taarifa ya benki ya mwezi uliopita na kalamu mkononi, nikapiga mstari chini ya kila chakula nilichonunua jioni siku za kazi. Riali 3 hapa, riali 4 na baisa 200 pale, gharama ya kuletewa, chai, juisi. Jumla ilikuwa riali 94. Kwa wasiojua, riali ya Oman imefungwa kwenye dola, kwa kiwango cha sasa tangu mwaka 1986, na riali moja ni kama dola 2.60. Piga mwenyewe. Nilimwambia mtoto wa watu hali ni ngumu, kumbe ugumu wenyewe naula mimi kwenye karatasi ya alumini.

Wala sisemi kwamba kila anayeshindwa kutuma pesa nyumbani anakula shawarma. Wengine hali ni ngumu kweli, tunajuana. Nasema yangu.

Jaribio la kwanza: sufuria lililochacha

Jumamosi iliyofuata nikaamka na hasira ya kutubu. Nikaenda dukani, nikanunua kila kitu. Nikapika sufuria la lita nane la maharage ya nazi, sufuria la wali, na mchuzi wa kuku. Nikapika kuanzia saa tano asubuhi mpaka jioni. Nilipomaliza nilikuwa hoi, nikafunika masufuria, nikayaacha jikoni yapoe, nikaenda kulala. Asubuhi Jumapili kabla ya kazi nikayaingiza kwenye friji yote na mifuniko yake.

Jumapili usiku maharage yana harufu ya uchachu. Nikayapasha, yakatoa povu. Jumatatu nikala wali ule kwa sababu roho iliniuma kuutupa, na Jumanne sikwenda kazini kabisa, mnaweza kukisia kwa nini. Nikatupa vyote. Nikarudi kwenye shawarma wiki tatu.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Pemba aliyekuja Oman miaka ya sabini akiwa msichana. Tunaishi jengo moja, na mimi humbebea mitungi ya maji juu. Siku moja nilimsalimia kwenye ngazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona siku hizi sisikii harufu ya kitunguu kwako?"

Nikamweleza habari ya maharage. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza, "Sasa nani alokwambia upike chakula cha wiki nzima siku moja? Sisi tulikuwa watu kumi na wawili nyumbani, na mama hakuwahi kufanya hivo. Yeye alikuwa anajua tu tangu jana yake kesho kunapikwa nini. Choroko zishaloweka, nazi ishanunuliwa. Jioni ni kumalizia tu."

Maneno yale niliyapuuza dakika ile, nikayafikiria wiki nzima.

Kinachochosha si kupika

Tujiulize: mtu anaporudi kazini amechoka, ni kitu gani hasa kinamshinda? Mimi niliandika hatua zote kwenye karatasi kama tunavyofanya kazini tukichunguza kwa nini mradi umechelewa. Kuamua tule nini. Kuangalia kama vitu vipo. Kwenda dukani. Kuloweka au kuyeyusha. Kumenya na kukata. Kukaanga kitunguu mpaka kiive. Kupika chenyewe. Kuosha vyombo.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba kupika chenyewe ni hatua moja. Hatua nne za mwanzo hazihitaji hata moto, zinahitaji akili, na akili ndiyo iliyokwisha saa kumi na mbili jioni. Mtu aliyefanya maamuzi tangu asubuhi hawezi kufanya uamuzi mwingine mbele ya friji tupu. Lakini mtu huyo huyo ukimwambia, "Kuku ameshayeyuka, rojo hili hapa, weka sufuria jikoni," atapika bila kunung'unika, tena pengine akiimba.

Kwa hiyo kazi ya ratiba ni kuhamisha maamuzi. Unaamua Ijumaa jioni ukiwa umetulia, unanunua na kuandaa Jumamosi, na siku za kazi unatekeleza tu. Hicho ndicho alichokuwa akifanya mama yake bibi kule Pemba bila karatasi. Na nikikumbuka vizuri, hata mama yangu Tanga alikuwa akichambua mchele wa kesho wakati anasikiliza taarifa ya habari. Mimi niliona anapitisha muda tu.

Kwa nini maharage yalichacha

Hapa naomba mnivumilie, ndipo uhandisi ulipo.

Bakteria wanaoharibu chakula na wanaotuumiza matumbo hupenda joto la kati, kuanzia nyuzi 5 mpaka nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Wakipata hali nzuri wanaweza kuongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20. Saa moja ina dakika 20 tatu, kwa hiyo saa nne ni mara kumi na mbili za kujidabilisha: mmoja anakuwa zaidi ya 4,000. Sufuria langu lilikaa jikoni usiku mzima, tena jiko la Sib lisilo na kiyoyozi. Hesabu hiyo sitaki hata kuimalizia.

Pili, unene. Maharage yaliyoiva ni mazito, hayazunguki kama maji, kwa hiyo joto la katikati linatoka polepole kupitia chakula chenyewe. Kwa vitu vya namna hiyo muda wa kupoa unakwenda na mraba wa unene. Ukipunguza unene kuwa nusu, muda unashuka kuwa kama robo. Sufuria langu lilikuwa na kina cha sentimita 20. Maharage yale yale ukiyagawa kwenye makopo mapana yenye kina cha sentimita 5, kinachochukua usiku kucha kinakuwa jambo la saa moja au zaidi kidogo. Ndiyo maana ushauri wa wataalamu wa usalama wa chakula ni kugawa chakula kwenye vyombo vifupi na kukiingiza kwenye friji ndani ya saa mbili. Joto la chumba likizidi nyuzi 32, iwe ndani ya saa moja.

Usiingize sufuria zima la moto kwenye friji pia. Friji ya nyumbani haina nguvu hiyo. Itahangaika, na maziwa ya jirani yake yatapata joto.

Wale mlioko Ulaya mtasema, "Si uweke sufuria kwenye maji ya bomba?" Aah wapi. Hapa tangi la maji liko juu ya paa. Mwezi wa Julai maji ya bomba la "baridi" yanatoka ya moto hata kuoga ni taabu. Wazoefu huzima hita na kuyatumia yale yaliyokaa ndani ya hita, maana ndiyo yamepoa kidogo. Kwa hiyo mimi nagandisha chupa mbili za maji tangu Alhamisi, Jumamosi naziweka kwenye beseni lenye maji, sufuria juu yake, nakoroga dakika kumi, halafu nagawa.

Na ule wali ulionilaza? Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapatikana sana kwenye mchele. Ana chembe ngumu kama mbegu ambazo hazifi kwa kuchemsha. Wali ukikaa nje na uvuguvugu, zile mbegu zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Tangu siku ile wali napika papo hapo. Kikombe kimoja ni dakika 20 tu. Kiporo cha wali nakila kesho yake asubuhi, baada ya kupoza haraka na kulaza kwenye friji.

Jumamosi yangu ilivyo sasa

Sipiki tena chakula cha wiki. Natengeneza vitu vitatu, na vinachukua kama saa mbili na nusu, redio ikiwa imewashwa.

Cha kwanza ni rojo. Kilo mbili za vitunguu, kilo tatu za nyanya, thomu, tangawizi na bizari. Nakaanga kitunguu taratibu mpaka kiwe na rangi, natia vingine, naacha mpaka mafuta yajitenge. Nagawa kwenye makopo sita, mawili kwenye friji, manne kwenye friza. Hiyo ndiyo kazi ndefu ya kila mchuzi wetu wa pwani, nimeimaliza mara moja. Tui sitii. Tui lililogandishwa hukatika, ni bora kulitia siku ya kupika. Viazi pia sigandishi, vinakuwa kama mchanga.

Cha pili ni maharage kilo moja, yaliyoloweka tangu usiku wa Ijumaa. Namwaga maji ya kuloweka, nachemsha kwa nguvu mpaka yaive. Tafadhali, maharage mekundu yachemke sawasawa angalau dakika kumi za mwanzo. Yana sumu ya asili inayoharibu tumbo, na lile sufuria la umeme linalopika polepole halifiki joto la kuiondoa. Kilo moja kavu inatoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Nusu friji, nusu friza.

Cha tatu ni chapati kumi. Zikishapoa naweka karatasi kati ya moja na nyingine, friza. Wiki nikiwa mvivu naziacha, na dunia haianguki.

Chakula kilichopikwa kikiwa kwenye friji nakihesabia siku tatu au nne. Zaidi ya hapo kiende friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Kila kopo lina kipande cha plasta na tarehe. Bila tarehe, baada ya wiki mbili hujui kama ni rojo au ni uji.

Siku tano kwenye mlango wa friji

Kanuni zangu ni mbili. Kinachoharibika mapema kiliwe mapema. Na siku nzito ipewe chakula chepesi kupika.

Jumapili ni samaki, kwa sababu nimemnunua Jumamosi asubuhi soko la samaki la Sib na samaki mbichi hangoji zaidi ya siku moja au mbili. Nenda mapema kabla ya jua. Utamkuta nguru, hapa wanamwita kanad, na utamkuta changu, wao husema shari. Ni samaki wale wale wa Tanga na Unguja, bahari ni moja. Nguru huzuiwa kuvuliwa kila mwaka kuanzia tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba ili azaliane, kipindi hicho nala changu au jodari. Samaki, kopo la rojo, tui, ndimu, dakika 25 pamoja na wali.

Jumatatu ni kuku. Vipande vinne vimetoka friza Jumapili usiku, vimeyeyuka ndani ya friji, siyo juu ya meza. Rojo, pilipili manga, ugali. Unga wa sembe unapatikana kwenye baadhi ya maduka.

Jumanne ni siku ya darasa, narudi saa tatu na nusu. Maharage na chapati. Kupasha tu. Ndiyo siku niliyokuwa nikishindwa kila wiki, kwa hiyo ndiyo niliyoipanga kwanza.

Jumatano ni mboga: mchicha au bamia, na mayai, au papa mkavu aliyelowekwa tangu asubuhi. Papa mkavu huyu ni mwenzetu wa zamani. Majahazi yalikuwa yakimbeba kutoka pwani za Uarabuni kwenda Unguja na Mombasa kwa upepo wa kaskazi. Sasa mimi ndiye nimemfuata kwake. Nazi, muhogo na ndizi mbichi nazipata maduka ya Wahindi wa Kerala, wao nao ni watu wa tui kama sisi. Nazi nyingine zinatoka Salalah, kusini, ambako minazi inaota.

Alhamisi mstari umeachwa wazi. Kama kuna kiporo, nala kiporo. Kama wenzangu wanatoka, natoka nao, nakula shawarma yangu kwa raha kabisa. Ratiba isiyo na siku ya wazi inavunjika wiki ya pili, na ikivunjika unajiona umeshindwa, unaiacha yote.

Kwa mnunuaji wa mboga kwa jumla, jueni kwamba soko kuu la matunda na mboga lililokuwa Mawaleh lilihamia Khazaen, upande wa Barka, mwaka 2024. Kwa mtu mmoja asiye na familia si lazima kwenda huko, maduka ya mtaani yanatosha.

Kwa mlioko kwingine

Najua wengine mnaishi bweni lenye jiko la watu wanane na rafu moja ya friji. Anzeni na rojo peke yake. Makopo mawili tu. Mkiwa watu wanne wa nyumbani, gawaneni siku: kila mmoja apike usiku mmoja kwa wote, mtu anaingia jikoni mara moja na kula mara nne. Tatizo la mpango huo ni mtu asiyepika zamu yake, na hapo uhandisi hausaidii, tafuteni mwenyekiti.

Anayeanza asipange siku tano. Apange mbili, na moja iwe ile siku inayomshinda zaidi. Aandike vyakula anavyovijua tayari. Wiki ya kwanza si wakati wa kujifunza kupika biriani.

Nilichopata

Mwezi wa tatu wa ratiba nilifungua tena taarifa ya benki. Vyakula vya jioni siku za kazi, pamoja na manunuzi yote ya Jumamosi, riali 38. Tofauti ni riali 56, kama dola 145. Sikuinunulia kitu. Niliituma, na iliyofuata nikaituma, mpaka deni la baba mdogo likaisha. Muhula huu ada imelipwa kabla ya chuo kufunguliwa.

Mdogo wangu nilimweleza ukweli wote, pamoja na shawarma. Nilitegemea atakasirika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa leo umepika nini?" Nikamwambia ni Jumanne, maharage na chapati. Akasema, "Kama shuleni." Nikamwambia ndiyo, kama shuleni, ila haya yana nazi.

Bibi naye nilimpelekea bakuli. Alionja akasema chumvi imezidi. Lakini bakuli lilirudi tupu, na ndani yake kaniwekea halua.

Jamani, Ijumaa hii chukueni karatasi. Tukutane toleo lijalo inshallah. Wasalaam.